Hamish wa Coventry Road

Jina lake ni Mwanakhamis binti Faki, mzaliwa wa Wete kisiwani Pemba, lakini huko Pitlaw, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti, ukimuulizia kwa jina hilo utazunguka mpaka uchoke. Huko anaitwa Hamish. Mgeni akisikia wazee wa uwanjani wakiulizana, "Hamish kafika?" hutazamia kuona pande la mwanamume lenye ndevu nyekundu. Badala yake huteremka basini mwanamke mfupi wa makamo, baibui mpaka kwenye viatu, skafu ya Pitlaw Rovers juu ya mtandio, na mikononi kakumbatia ndoo ya plastiki iliyojaa sambusa.

Timu yenyewe haikuwa ya kumvuta mtu. Pitlaw Rovers ilikuwa ikicheza daraja la mwisho kabisa, uwanja wake una jukwaa moja lenye paa, kwingine kote watu wanasimama upeponi, na tangu Mwanakhamis aijue haijawahi kuinua kombe lolote. Aliipata kazini, kama mtu anavyopata mafua.

Alikuwa akishona vitambaa vya viti kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge, Birmingham. Aliyekuwa akimletea marobota ya vitambaa kwa kitoroli ni Mskoti mmoja mrefu, Murdo, mtu wa Pitlaw. Migodi ya makaa ya kwao ilipofungwa, vijana wengi wa mji ule walishuka Birmingham kutafuta kazi viwandani, wakaoa, wakazeekea Northfield na Longbridge, na timu yao wakaja nayo moyoni. Walikuwa wameanzisha tawi la mashabiki, na Murdo ndiye mwenyekiti. Siku ya kwanza alijaribu kulitamka jina la Mwanakhamis, akakwama njiani, akaambulia kipande cha mwisho tu. "Khamis," alisema, uso ukamchanua. "Kwetu tunasema Hamish! Basi wewe ni mtu wa nyumbani."

Mwanakhamis aliligundua jambo moja mapema. Jumatatu nyingi Murdo aliingia kazini kama mtu aliyetoka kuzika. Hatanii, hasalimii, anasukuma kitoroli macho chini. Alipomuuliza kulikoni, jibu likawa lile lile: Rovers wamefungwa. Mwanakhamis akaona mtu akimwendea bila kujua matokeo anaweza kumuumiza kwa neno, basi akaanza kusikiliza matokeo redioni kila Jumamosi jioni, ili Jumatatu ajue amkabili vipi. Matokeo ya madaraja ya chini ya Uskoti husomwa mwisho kabisa, baada ya England yote kumalizika. Akawa anakaa jikoni na kikombe cha chai, anasubiri jina moja. Siku moja mtangazaji alisema Pitlaw Rovers wameshinda ugenini, na Mwanakhamis akajikuta amesimama, kapiga kofi meza.

"Kuna nini?" mumewe, Mkubwa, alipiga kelele kutoka sebuleni.

"Tumeshinda!" alijibu. Neno lile "tumeshinda" lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko mumewe.

Binti yao Raisa, aliyezaliwa Birmingham na ambaye Kiswahili alikielewa chote lakini akijibu kwa Kiingereza, hakuelewa hata kidogo. Nyumba yao ilikuwa Small Heath, nyuma ya Coventry Road, na uwanja wa Birmingham City ulikuwa mwendo wa miguu. Wakifunga goli, kelele zinaingia mpaka jikoni. "Mama, si ushabikie Blues kama watu wote?" alimuuliza. "Timu iko hapa hapa."

"Wale wana watu wengi, mwanangu," Mwanakhamis alisema. "Mimi hawanihitaji."

Ilikuwa mwaka 2001 aliposafiri na watu wa tawi mara ya kwanza. Mkubwa aliposikia mkewe anataka kwenda Uskoti kutazama mpira na watu wa kiwandani alikuna kidevu, kisha akauliza swali moja tu: "Na mtakula nini?" Swali lilikuwa la maana. Chakula cha uwanja wa Uskoti ni pai ya nyama isiyojulikana ilivyochinjwa, na supu nyeusi ya kikombe ambayo nayo inatokana na ng'ombe huyo huyo asiyejulikana. Tangu safari ya pili Mkubwa, ambaye mpira aliuona upuuzi mtupu, alikuwa anakaa Ijumaa na mkewe wakikunja sambusa. Alikuwa na mkono mwepesi, pembe zake zilikaa sawa kuliko za mkewe, naye hakuacha kumkumbusha.

Kushabikia timu ya Uskoti ukiwa Birmingham si starehe. Ni safari ya nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, kwa dakika tisini ambazo mara nyingi zinakwisha vibaya. Zaidi ya mara moja walifika Carlisle, mpaka wa Uskoti unakaribia, wakapigiwa simu kwamba uwanja umeganda na mechi haipo, wakageuza basi. Baridi ya Pitlaw inatoka baharini na kupenya vitambaa vyote, hata soksi za sufu. Na kuna utani: wafanyakazi wenzao Waingereza hawakuchoka kusema kwamba mpira wa Uskoti hata bibi zao wangecheza golini. Mwanakhamis aliyavumilia yote. Jambo moja lilimpa raha: sheria ya Uskoti inakataza pombe kwenye basi la mashabiki, kwa hiyo basi lao lilikuwa safi, na aliyetaka kuimba aliimba akiwa na akili zake. Alikaa mbele karibu na dereva, Tarsem, Kalasinga wa Nairobi, ambaye alifurahi kumpata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili njia nzima.

Sala nayo ilipata utaratibu wake. Siku za Desemba na Januari jua la Uskoti huzama mapema mno, hivyo magharibi inaangukia wakati wa mapumziko. Timu zikiingia vyumbani, Mwanakhamis anakwenda nyuma ya jukwaa, penye ukuta unaokinga upepo, anatandika mswala. Mwanzoni Murdo alisimama kando kumlinda na mipira ya watoto. Baadaye wazee wa Pitlaw wenyewe wakawa wanapokezana, bila ya kuombwa.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka Aprili 2005, kiwanda kilipofungwa.

Watu maelfu walirudi majumbani, na kwa wiki kadhaa Longbridge ilikuwa kama mji wenye msiba. Mwanakhamis alikaa bila kazi mpaka karibu na mwisho wa mwaka, alipopata nafasi kwenye duka la kushona mapazia. Wengine hawakupata kitu. Wapo waliorudi Uskoti, wapo walioondoka Birmingham kufuata watoto wao, na walio­baki walianza kutoa udhuru. Msimu mpya ulipoanza, basi liliondoka nusu tupu. Kisha robo. Mwenyekiti Murdo hakuonekana kabisa.

Mwezi wa Desemba ikaja habari: Rovers wamepangwa kucheza raundi ya tatu ya Kombe la Uskoti, nyumbani kwao Pitlaw, na timu ya ligi kuu. Jambo la namna hiyo wazee wa tawi walikuwa wakiliota tangu ujanani. Jioni ile ile Tarsem akampigia simu Mwanakhamis.

"Mama Raisa, huyu Murdo amenipigia. Anasema nicancel basi."

"Kasema nini?"

"Ati watu hakuna. Na kweli, hakuna. Mimi siwezi peleka viti tupu Scotland, boss wangu atanifukuza."

"Usifute kitu, Tarsem. Watu watapatikana."

"Watatoka wapi?"

Mwanakhamis hakujua. Lakini alikuwa amekwisha kusema.

Asubuhi yake alianzia kwa shoga yake Safiyo, Msomali aliyekulia Mombasa, mwenye duka la vitambaa na udi pale Coventry Road. Safiyo alimsikiliza huku akipima kitambaa, kisha akaweka mkasi chini.

"Mpira wa Scotland? Shoga, hata wenyewe Waingereza hawautazami. Na mimi mpira siujui, naona watu wanakimbizana tu."

"Sikutaki uujue. Nakutaka ukalie kiti."

"Na faida yangu?"

"Tangu ufungue duka hili umetoka Birmingham mara ngapi?"

Safiyo alifikiri. Hakuwahi kutoka, isipokuwa kwenda harusini Leicester. Alitazama marobota yaliyomzunguka mpaka darini. "Haya," alisema. "Lakini nikifa kwa baridi, damu yangu juu yako."

Valère hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa Mkongomani mwenye kiti cha kinyozi kwenye saluni iliyo karibu, na zamani Bukavu alikuwa kipa. "Mama, match ni match," alisema, mashine ya kunyolea mkononi, na mteja kanyolewa nusu ya kichwa. "Minakuya. Na ninaleta wenzangu wa kanisa." Kweli akawaleta. Safiyo naye akaleta binamu zake, nao wakaleta majirani. Wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa wakila futari kwa Mwanakhamis kila Ramadhani walijiandikisha kabla hajamaliza kuwaeleza, kwani waliogopa kumkatalia mtu aliyewalisha. Hata Raisa, mikono kaifunga kifuani, alisema atakwenda, lakini isieleweke kuwa anapenda.

Akabaki mtu mmoja.

Mwanakhamis alikwenda Northfield Jumapili mchana. Ishbel, mke wa Murdo, alifungua mlango, akamvutia ndani haraka kama anayeogopa ataondoka. "Zungumza naye," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimeshindwa. Kila siku yuko kwenye kile kiti."

Murdo alikuwa amekaa mbele ya televisheni iliyofungwa sauti. Alikuwa amekonda. Mwanakhamis aliketi bila kuvua koti.

"Basi limejaa," alisema.

"Limejaa nani?"

"Watu wangu. Vimebaki viti viwili, chako na cha Ishbel."

Murdo alitikisa kichwa. "Nenda nao, Hamish. Mimi siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi niambie."

 Murdo alisema, macho yake yakiwa kwenye televisheni: "Nilipoondoka Pitlaw niliwaambia wote nimepata kazi ya maisha. Miaka yote hiyo nilikuwa narudi na gari tulilolitengeneza sisi, naliegesha mbele ya uwanja walione. Sasa nitasimama pale, wataniuliza, 'Murdo, kazi vipi?' Nitawajibu nini?"

Mwanakhamis akapangusa magoti yake, akavuta pumzi. "Dada yangu yuko Wete," alisema. "Ananipigia kila Ijumaa. Lazima aulize, 'Kiwanda vipi?' Namwambia, 'Kiwanda kipo.' Wala simdanganyi. Kuta zipo, paa lipo."

Murdo aligeuka kumtazama. Mdomo ulimcheza, halafu kikamtoka kicheko, kikavu mwanzoni, kisha kikamshinda nguvu mpaka akashika ubavu. Jikoni Ishbel aliacha alichokuwa akikifanya, akasikiliza.

"Na wewe umeficha?" Murdo aliuliza, akifuta macho.

"Nimeficha. Aibu si yako peke yako. Lakini mimi Wete ni mbali, nitafanyaje? Wewe kwenu ni safari ya asubuhi. Ukipitwa na mechi hii ukiwa kwenye kiti hicho, hutajisamehe, na mimi sitakusamehe." Akainuka. "Basi litapita hapa mlangoni. Litapiga honi mpaka utoke, na majirani zako wote wataamka."

Siku ilipofika Tarsem alipiga honi mara moja tu. Murdo alikuwa keshasimama nje, koti limefungwa vifungo vyote, Ishbel kamshika mkono. Alipopanda na mkewe na kuona basi limejaa mitandio, kofia za Kiswahili na vijana wa kanisa la Kikongo, alisimama pale ngazini. Ndipo Valère akapaza sauti kutoka nyuma: "Président! Karibu!" Basi zima likampigia makofi.

Njiani theluji ilianza kuanguka walipopanda milima ya Shap, na magari yakawa yanatambaa. Safiyo alisoma dua zote alizozijua. Tarsem alishika usukani bila kusema neno, na hapo kila mtu alijua hali ni mbaya, maana Tarsem hakuwahi kunyamaza. Lakini wakavuka, mbingu ikafunguka, na walipofika Pitlaw watu walikuwa tayari wamepanga foleni getini.

Mzee mmoja aliyekagua tiketi alimwona Murdo, akamshika bega. Mwanakhamis alikuwa nyuma yake, akasikia yote.

"Murdo! Miezi hatujakuona. Kazi vipi?"

Murdo alimpa tiketi. "Kiwanda kimefungwa, Davie. Kazi hakuna."

Mzee hakushangaa. "Tulisikia," alisema. "Mimi nilikuwa chini mgodini siku ulipofungwa, unakumbuka? Ingia ndani, rafiki yangu. Unaacha mlango wazi, baridi inaingia." Akamkatia tiketi, akamgeukia Mwanakhamis. "Hamish, hawa wote ni wako?"

"Wote wangu," alisema.

Kipindi cha kwanza timu ya ligi kuu ilipata goli moja, na ilistahili kupata zaidi. Mipira miwili iligonga mwamba. Watu wa Small Heath walikuwa wamejifunza wimbo wa Rovers ndani ya basi, wakauimba kwa lafudhi ya kwao, na jukwaa zima likageuka kuwatazama, kisha likawaitikia. Valère alikuwa akimfokea kipa wa Rovers kwa Kifaransa, na yaonekana kipa alimwelewa.

Wakati wa mapumziko Mwanakhamis alikwenda chooni kutawadha. Siku ile kwa wingi wa watu foleni ilikuwa ndefu isiyo ya kawaida, na maji yalikuwa baridi kiasi cha kuuma mifupa. Alipofika nyuma ya jukwaa na kutandika mswala, wachezaji walikuwa wanarudi uwanjani. Akasitasita kidogo. Kisha akaleta takbira.

Alikuwa kwenye rakaa ya mwisho iliposikika kelele.

Haikuwa kelele ya kona wala ya faulo. Ilitoka ardhini, ikatikisa mabati ya jukwaa, ikapanda na haikushuka. Goli. Goli la Rovers dhidi ya timu ya ligi kuu, goli ambalo watu waliokuwa mle ndani walikuwa wamelisubiri tangu wakiwa watoto, limefungwa hatua chache kutoka alipo, upande wa pili wa ukuta. Kijana wa Pitlaw aliyekuwa na zamu ya kumlinda alitoka mbio kwenda kuona, akakumbuka zamu yake, akarudi mbio, akasimama pale akirukaruka. Mwanakhamis hakugeuza shingo. Alikwenda sijida, akakaa, akasoma tahiyatu yake herufi kwa herufi, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Ndipo akakunja mswala na kukimbia, baibui kalishika kwa mikono miwili.

Wote walimvamia. "Umeliona? Umeliona?"

"Nimelisikia," alisema akihema.

Safiyo, aliyekuwa haujui mpira, machozi yakimtiririka, alimshika mashavu. "Shoga! Wewe ni msafiri! Si ungechelewesha ukajumuisha na isha?"

"Ningeweza," alisema. "Lakini nilikwisha kutia udhu kwa maji yale. Sikutaka yapotee bure."

Rovers walijihami mpaka mwisho kama watu wanaozuia mafuriko kwa magunia, na filimbi ilipolia matokeo yalikuwa moja kwa moja. Watu wazima walikumbatiana na wasiowajua. Raisa alikuwa amepoteza sauti kabisa.

Njia ya kurudi, walipokwisha kuvuka mpaka, Murdo aliinuka kwenye kiti chake. Alichukua ndoo ya Mwanakhamis, akapanga sambusa zilizosalia juu ya kifuniko.

"Hamish hakuliona goli," alitangaza. "Haiwezekani alale hivyo. Hii hapa ni kona. Huyu hapa ni beki wao, yule mrefu." Akaanza kulisimulia, sambusa kwa sambusa, nani aliruka, nani aliteleza, mpira ulimgonga nani gotini kabla ya kuingia. Valère alimkatiza, akasema kipa alikuwa amesimama vibaya, Murdo akambishia, Tarsem akadai kutoka kwenye usukani kwamba yeye ndiye aliyeona vizuri zaidi. Wakarudia tena tangu mwanzo. Ishbel alimtazama mumewe akipiga kelele katikati ya njia ya basi, mikono hewani, akamwegemea Mwanakhamis begani.

Mechi ya marudiano ilichezwa katikati ya wiki, na Rovers walifungwa tano bila. Hakuna aliyeshangaa, na hakuna aliyeliacha basi. Lilikuwa linajaa sasa. Murdo alipata kazi ya nusu siku ya kutunza bustani za manispaa, na mikutano ya tawi ikahamia chumba cha juu cha duka la Safiyo, penye harufu ya udi. Mwaka 2008 Murdo na Ishbel waliamua kurudi Pitlaw kumalizia uzee wao, na kabla ya kuondoka Murdo alimpendekeza Mwanakhamis awe mwenyekiti. Alikubali kwa sharti moja: basi lisiondoke kabla ya watu kuswali alfajiri. Likapita bila kupingwa, hata Wakongomani walinyoosha mikono.

Sasa basi likifika Pitlaw haliendi moja kwa moja uwanjani. Linasimama kwanza kwenye nyumba moja karibu na bahari, ambako Ishbel amepika sufuria kubwa ya dengu. Desturi ya huko ni kuzipika na mfupa wa nguruwe, naye amekwisha kuacha. Murdo hulalamika mbele ya wageni wote kwamba bila mfupa hazina ladha hata kidogo, kisha husogeza bakuli lake aongezewe.

"Leo tunacheza na nani?" Safiyo huuliza, maana mpaka leo hakumbuki majina ya timu.

"Na wa juu yetu kwenye msimamo," Mwanakhamis humjibu akimpitishia mkate.

"Nani yuko juu yetu?"

"Wote," husema Murdo, na wanainuka kutafuta makoti yao.